Watu 412 wameulizia bei ndani ya miezi 6, walionunua ni 37. Hawa wengine wanaishia wapi?

#1 MpimaDirisha

Habari zenu wakuu. Nina karakana ndogo ya madirisha na milango ya aluminiamu, Dar, upande wa Mbagala. Mafundi 3, dereva mmoja, na wa mauzo wawili, kijana anakaa dukani na binti anashika simu ya ofisi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilinunua kaunta buku nikawaambia kila anayeulizia bei aandikwe, awe kaja dukani, kapiga simu au katuma meseji, hata yule wa "mambo, bei gani" halafu anapotea naye aandikwe. Tunaweka jina, tarehe, katokea wapi, anataka nini, nani kamhudumia, mwisho kanunua au hajanunua. Mpaka mwezi wa sita unaisha tulikuwa na watu 412. Walionunua 37, yaani kama 9 kwa mia.

Walikotokea ni hivi:
Instagram (tunalipia tangazo) 251, wamenunua 10
Waliopita dukani wenyewe 74, wamenunua 9
Walioletwa na mafundi wa ujenzi 48, wamenunua 6
Walioelekezwa na wateja wetu wa zamani 39, wamenunua 12

Kwa upande wa wahudumu, kijana kahudumia 180 kauza kwa 22. Binti kahudumia 232 kauza kwa 15.

Wiki ya pili hii naziangalia hizi namba. Nawaza mambo mawili, la kwanza nizime Instagram maana 4 kwa mia naona ni hela inapotea, la pili nimtoe binti kwenye mauzo abaki kupokea simu tu na kamisheni iende kwa kijana. Lakini binti ana mtoto na ile kamisheni ndo inamlipia chumba, sitaki nimwonee mtu kwa namba nilizozisoma vibaya. Naombeni mnisaidie kuzisoma.

#2 KobeMpole

Mkuu hongera kwanza kwa kuandika. Mimi nna duka la vigae mwaka wa tano huu, ukiniuliza leo wameingia wangapi wakatoka bila kununua sina jibu. Daftari langu lina walionunua tu, wale waliotoka mikono mitupu hawamo kabisa. Nimeusoma uzi wako nimeona kumbe nusu ya biashara yangu siijui.

#3 SimbaWaKeko

Mi jibu langu ni moja tu, mnachelewa kujibu. Mimi nauza makochi, nilikuwa nawajibu watu jioni nikishafunga, nakuta mtu anakwambia "nshapata boss". Nilivyoanza kujibu hapo hapo mauzo yalibadilika. Na kuna utafiti wa Harvard kabisa, ukimjibu mteja ndani ya saa moja unauza mara 7 zaidi. Mteja ana hamu sasa hivi, akilala akaamka kesho hamu imeisha. Angalia binti anajibu baada ya muda gani.

#4 Nyumba10

Mimi nachangia kama mnunuzi, maana nimejenga mwaka jana. MpimaDirisha hebu kuwa mkweli, kwenye tangazo lako umeweka bei au umeandika "bei njoo DM"? Kama ni DM jibu ndo hilo. Nyie wauzaji mnatuchosha sana. Mtu anaona picha ya dirisha, anataka kujua tu kama linafika laki mbili au laki nne ajipange, mnamlazimisha aje inbox aanze salamu. Hao 251 sio wateja hao, ni watu wanaotafuta bei tu, ungeiandika wasingekusumbua.

#5 BintiTakwimu

Kaka MpimaDirisha, usimguse huyo binti kwanza. Naomba kitu kimoja, chukua hao wa kijana na hao wa binti uwagawe kwa walikotokea. Wa Instagram wangapi kawahudumia kijana na wangapi binti, halafu na hao wengine vilevile. Ukimaliza tuletee hapa.

#6 FundiMwiko

Mimi ni fundi ujenzi, nawaambia ukweli ambao wauzaji hawaupendi. Mwenye nyumba mara nyingi hachagui dirisha, anamuuliza fundi wake. Fundi anampeleka kwa yule anayempa cha juu, na anayekuja saiti kupima kwa muda walioahidiana. Unaweza kujibu meseji kwa sekunde 10 lakini kama fundi kashasema "yule mali zake nyepesi, profaili, zile fito za aluminiamu, zinapinda", basi umekwisha. Kwenye hao 412 ungeuliza swali moja tu, fundi wako ni nani.

#7 MpimaDirisha

Asanteni sana wakuu. Nyumba10 ni kweli, bei hatujaweka, tuliogopa majirani wa biashara wakiiona watashusha kidogo chini yetu.

BintiTakwimu nimekaa na kaunta buku toka saa mbili usiku, nimepata hivi:

Wa Instagram, kijana kahudumia 40 kanunua 1. Binti kahudumia 211 wamenunua 9.
Wasio wa Instagram, kijana kahudumia 140 wamenunua 21. Binti kahudumia 21 wamenunua 6.

Sijui nimekosea wapi maana naona kama binti anamzidi kijana kote kote, halafu nikijumlisha kijana ndo yuko juu. Nimerudia kujumlisha mara tatu.

#8 BintiTakwimu

Hujakosea popote. Piga asilimia uone. Instagram kijana ana 2.5 kwa mia, binti ana kama 4.3. Wasio wa Instagram kijana 15 kwa mia, binti kama 28 na nusu. Binti yuko mbele kwenye makundi yote mawili. Kwenye jumla anaonekana wa nyuma kwa sababu moja tu, wewe mwenyewe ndo umemkabidhi simu, na simu ndo inaleta wale watu wagumu wa Instagram. Kijana kakaa mlangoni anapokea waliopanda daladala wakaja, mtu aliyepanda daladala kuja kwako ameshaamua nusu.

Hili jambo lina historia. Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, mwaka 1973, waliangalia maombi ya kusoma shahada za juu wakakuta wanaume wamekubaliwa kama 44 kwa mia na wanawake 35, ikaonekana wanawake wanabaguliwa. Walipogawa idara kwa idara hali ile ikayeyuka, wanawake wengi walikuwa wameomba kwenye idara ngumu kuingia. Wewe ulikuwa karibu kumkata mtu kamisheni kwa kosa la idara aliyopangiwa.

#9 MzeeWaMizani

Dada Takwimu umesema vizuri, ila tusivuke mpaka tukaanza kusema binti ni bora. Angalia idadi. Kwa wasio wa Instagram binti ana watu 21 tu, 6 wamenunua. Watatu kati ya hao wangebadili mawazo njiani, angebaki na 3 kati ya 21, ni 14 kwa mia, chini ya kijana. Na kijana kule Instagram ana 1 kati ya 40, mteja mmoja tu angeongezeka angekuwa na 2 kati ya 40, ni 5 kwa mia, juu ya binti. Yaani ukubwa wote mnaouona hapo umeshikiliwa na watu wanne. Nimekaa na mizani ya mazao miaka mingi, gunia moja halikuambii uzito wa shamba.

Halafu mwenye uzi, hao 21 wa binti ni akina nani? Kama ni wale walioelekezwa na wateja wa zamani, hao wangenunua hata angekuwepo nani.

#10 MpimaDirisha

Mzee umegusa penyewe. Nimeangalia, kati ya hao 21 wa binti, 14 ni wa kuelekezwa, wanapiga simu wanasema "nimepewa namba na fulani". Wamenunua 5. Kijana wa kuelekezwa ana 25, wamenunua 7. Ukiwatoa hao, wanaobaki kijana ana 115 wamenunua 14, na binti ana 7 kanunua 1.

#11 MzeeWaMizani

Basi hapo wako sawa tu kaka. 14 kati ya 115 ni 12 kwa mia, 1 kati ya 7 ni 14 kwa mia, huwezi kutenganisha watu wawili kwa namba hizo. Muache binti na kamisheni yake.

#12 BintiTakwimu

Nakubali, Mzee kanirekebisha vizuri. Nilichotaka kisitokee ni ule uamuzi wa kumtoa.

#13 KalamuNyekundu

Samahani narudi kwa SimbaWaKeko #3. Ule utafiti upo, ulitoka Harvard Business Review mwaka 2011, ila haukusema unauza mara 7. Ulisema kampuni zilizojaribu kumtafuta aliyeulizia ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara 7 ya kupata mazungumzo ya maana na mwenye uamuzi, ukilinganisha na waliochelewa hata saa moja zaidi. Na ukilinganisha na waliongoja siku nzima au zaidi ni zaidi ya mara 60. Mazungumzo, sio mauzo. Halafu ni kampuni za Marekani zenye fomu za mtandaoni, sio mtu wa Mbagala anayetuma meseji saa tano usiku akiwa kitandani. Kasi inasaidia, sikatai, lakini tusiibebe kama dawa ya kila kitu.

#14 SimbaWaKeko

Sawa mwalimu nimepokea masahihisho. Ila makochi yangu yaliuzwa kweli, hilo utafiti hauwezi kunifuta.

#15 KalamuNyekundu

Sikufuti ndugu yangu. Ila ulipoanza kujibu haraka ulikuwa mwezi gani?

#16 SimbaWaKeko

Mwezi wa 11 kuelekea wa 12.

#17 KobeMpole

Mwezi wa 12 mkuu vikoba vinavunjwa, watu wanagawana hela, hata kochi bovu linauzika 😂😂 Hapo huwezi kujua ni kasi yako au ni kikoba cha akina mama.

#18 KusiniKorosho

KobeMpole umenikumbusha jambo ambalo nililipia gharama kulijua. Nauza bati na mbao huku Masasi. Miaka mitatu nilikuwa nalalamika wateja wa Masasi na Newala ni waongo, mwezi wa nne mwezi wa tano wanakuja wanaulizia wanaandikiwa kotesheni, ile karatasi ya bei, wanaondoka, naambiwa "nitarudi". Nikawa nawachukia kabisa. Siku moja nikachukua risiti za mwaka mzima nikazipanga kwa tarehe za malipo nikalinganisha na kotesheni. Kumbe kweli wanarudi! Wanarudi mwezi wa 11 na wa 12 minada ya korosho ikishaanza na malipo yakiingia. Aliyeulizia mwezi wa tano hakuwa mwongo, alikuwa anapanga. Mimi ndo nilikuwa nimeshamfuta kwenye daftari, na kotesheni yake imepitwa na bei, anarudi anakuta bati limepanda anakasirika anaenda kwa jirani. Siku hizi kotesheni ya mwezi wa tano naiwekea alama, mwezi wa kumi naanza kuwapigia mmoja mmoja. Sina asilimia za kuwapa ila nawajua kwa majina waliorudi.

Sasa MpimaDirisha, dirisha halinunuliwi siku mtu anapolipenda. Linanunuliwa boma likishapauliwa. Mtu anaweza kukuulizia akiwa kwenye msingi. Je umeandika boma limefika wapi?

#19 MpimaDirisha

Hatukuandika hilo. Hata kuuliza hatuulizi, tunatuma bei tu.

Ila umenifanya niangalie muda toka mtu aulizie mpaka alipe. Katika 37, walionunua ndani ya wiki ni 14, baada ya wiki lakini ndani ya mwezi ni 9, na 14 wengine walipita mwezi, mmoja alikaa miezi mitano nikajua kashapotea.

Na kuna kitu kilikuwa kinanitisha, sikukisema pale juu. Walioulizia mwezi wa kwanza walikuwa 58 wamenunua 9. Walioulizia mwezi wa sita 81 wamenunua 3 tu. Nilidhani karakana inakufa.

#20 BintiTakwimu

Haifi. Wa mwezi wa kwanza umewapa nusu mwaka wa kufikiri, wa mwezi wa sita umewapa wiki mbili tatu. Ni kama kupanda mahindi leo na wiki iliyopita halafu ukayapima urefu siku moja. Wape wote muda sawa, hesabu walionunua ndani ya siku 30 tu toka siku waliyoulizia. Na mwezi wa sita usiuhesabu mpaka huu wa saba uishe.

#21 MpimaDirisha

Nimefanya. Mwezi wa kwanza ndani ya siku 30 walinunua 5 kati ya 58. Mwezi wa tano 5 kati ya 76. Kimeshuka kidogo lakini sio kile nilichokiogopa. Dada nakushukuru mno, nilikuwa nimeshaanza kutafuta mteja wa kununua mashine ya kukatia.

#22 MzeeWaMizani

Usiuze mashine kwa ajili ya wiki mbili.

#23 NgalawaMuscat

Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat, najenga Bububu, Unguja. Mwaka juzi nilitafuta madirisha, nikawaandikia watu watano. Watatu walinitumia bei tu, namba kavu, hakuna hata aliyeuliza nyumba iko wapi. Mmoja hakujibu kabisa. Wa tano akaniuliza, nyumba i mbali gani na bahari? Nikamwambia nasikia mawimbi. Akanambia basi chumvi itakula skurubu na bawaba za kawaida, tumia za chuma kisichoshika kutu, bei itapanda kiasi hiki, na akanitumia video ya karakana yake mafundi wanakata. Alikuwa ghali kuliko wote. Yeye ndiye niliyempa kazi.

Na hili mlijue, mimi ndiye niliyeulizia lakini anayekwenda kuangalia ni kaka yangu, na mwenye kauli ya mwisho ni mama watoto. Kwenye daftari la yule muuzaji tungeandikwa watu watatu, wawili hawakununua.

#24 KobeMpole

Hiyo ya watu watatu nzito aisee. MpimaDirisha hao 412 inawezekana ni nyumba 300 tu.

#25 Nyumba10

Mimi na mke wangu tuliulizia sehemu moja kwa simu mbili tofauti kuona kama tunapewa bei moja. Tulipewa bei mbili. Hatukurudi.

#26 HesabuZaDuka

Nimesoma wote, naona tunazunguka kwenye asilimia, asilimia hailipi kodi ya fremu ya duka. Boss tupe hela. Instagram umelipia kiasi gani miezi yote 6, kazi moja ya mteja wa Instagram kwa wastani ni shilingi ngapi, faida yako ikoje, na fundi akileta mteja unampa nini?

#27 MpimaDirisha

Instagram laki tatu kwa mwezi, miezi 6 ni 1,800,000. Kazi ya mteja wa Instagram kwa wastani ni 2,400,000, vyumba vichache. Ya fundi kwa wastani 5,000,000 maana fundi analeta nyumba nzima. Nikitoa mali na ufundi nabaki na kama robo. Fundi nampa 10 kwa mia ya kazi yote.

#28 HesabuZaDuka

Haya twende. Mteja mmoja wa Instagram amekugharimu 180,000 kumpata. Faida yake 600,000. Toa, unabaki na 420,000. Watu 10 ni 4,200,000. Na wewe ulitaka kuizima.

Mteja wa fundi anakugharimu 500,000 kumpata! Karibu mara tatu ya Instagram. Hujawahi kuona ni ghali kwa sababu hutoi mfukoni mapema, unatoa ukishalipwa.

#29 FundiMwiko

Ndugu yangu HesabuZaDuka malizia hesabu, usiishie inapokufurahisha. Robo ya 5,000,000 ni 1,250,000. Toa 500,000 yangu anabaki na 750,000 kwa mteja mmoja, na wewe wa Instagram 420,000. Watu wangu 6 wamempa 4,500,000, wako 10 wamempa 4,200,000. Na mimi simsumbui binti usiku.

#30 HesabuZaDuka

Kweli, nimekubali fundi. Ila cha juu chako kiko ndani ya bei ya mwenye nyumba na yeye hajui. Siku akijua hatamwelekeza mtu kwa MpimaDirisha, na wale wa kuelekezwa ndo 12 kati ya 39, hawana gharama ya tangazo wala cha juu.

#31 FundiMwiko

Hilo liko nchi nzima, mimi sikulianzisha. Ila najua wenzangu wanaomwambia mwenye nyumba wazi na bado wanapewa.

#32 Mtaa_Kwa_Mtaa

Kama shida ni wateja wagumu mi nna jamaa anauza orodha za namba za simu za watu wenye viwanja, unawapiga meseji wote siku moja. Hii hapa picha ya mfano *[picha imeondolewa]*

#33 KalamuNyekundu

Ndugu toa hiyo picha, ina majina na namba za watu. Halafu kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2023, huwezi kununua namba za watu ukawatumia matangazo kama unavyotaka.

#34 MzeeWaMizani

Sahihisho dogo, sheria ni ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na Tume yake ipo. Hata hii kaunta buku ya MpimaDirisha ina majina na namba za watu, isikae kaunta kila mpita njia anafunua. Kabatini, funguo.

#35 Mtaa_Kwa_Mtaa

Nimetoa. Samahanini.

#36 KitengelaMatenki

Niaje watu wa Tz. Mimi niko Kitengela huku Kenya, nauza matenki ya maji. Vitu mbili tu.

Ya kwanza, hiyo kitabu ni sawa lakini WhatsApp Business iko na lebo, unaeka kila mtu rangi yake, mteja mpya, anangoja kulipa, amelipa. Sisi tuliongeza zetu, "anachimba msingi", "ameeka paa", "aliuliza akanyamaza". Na unaweza kutoa chat yote ikuwe faili ya maandishi, iko na tarehe na saa ya kila meseji, so hiyo mambo ya kujibu haraka haina haja ya kubishana, utaona wenyewe mliwajibu baada ya dakika ngapi wale walinunua na wale hawakununua.

Ya pili ni kuhusu bei. Sisi tulianza kuandika bei kwa tangazo. Wenye kuuliza walipungua karibu nusu, wenye kununua wakabaki pale pale. Boss wangu alifurahi sana akisema tumeimprove, sababu asilimia ya wenye kununua imeenda mara mbili. Lakini matenki zenye zilitoka stoo ni zile zile! Kitu ilibadilika ni mimi napata lunch bila simu kulia. Hiyo pia ni faida lakini sio mauzo.

#37 Nyumba10

Ni faida kwa mnunuzi pia. Wewe hukupoteza kitu na mimi sikupotezewa muda. Kwa nini wengine wote wagome?

#38 SimbaWaKeko

Mimi nagoma kwa sababu kochi langu mtu akiona bei kabla hajakalia anakimbia. Akishakalia hakimbii. Bei ya kwenye picha haina mto wa kuegemea.

#39 MamaLipaNamba

Mbona hamna aliyesema woga wa kutapeliwa. Dirisha unalipa advansi nusu kabla hujaona kitu. Mimi nashona mapazia, nilikuwa napokea advansi kwa namba yangu binafsi, mteja tumeelewana vizuri kabisa, vipimo tumechukua, ikifika kutuma hela ananyamaza. Nilipochukua lipa namba, mtu akiingiza inamletea jina la biashara lile lile lililoko kwenye bango, wale wa kunyamaza hapo mwisho wakapungua, nakadiria tu sikuandika kama kaka. MpimaDirisha, hao 375 walinyamazia wapi? Waliponyamaza baada ya bei ni jambo moja, baada ya kupimiwa ni lingine, wakati wa advansi ni lingine kabisa. Wewe umewaweka wote kwenye kapu moja la "hajanunua".

#40 MpimaDirisha

Mama hili sikuliwaza hata kidogo. Nimejaribu kukumbuka pamoja na binti, kwa simu tu, waliopimiwa saiti ni 61, na advansi tunapokelea namba ya kijana. Ina maana 24 tumewafuata mpaka kwenye nyumba zao, dereva kachoma mafuta, fundi kapanda ngazi, na hawakununua. Hao 24 wananiuma kuliko wale 351 wa bei gani. Nitawapigia wote wiki hii, sio kuwauzia, kuwauliza tu ilikuwaje.

#41 FundiMwiko

Ukiwapigia waulize nani aliwashauri. Utanikumbuka.

#42 SimbaWaKeko

Na uwaulize mliwapelekea kotesheni baada ya siku ngapi toka mpime.

#43 KusiniKorosho

Na kama wamepaua.

#44 KobeMpole

Kila mtu anavutia kwake 😂 Ila usiwapigie jumamosi ya Simba na Yanga, mtu timu yake imefungwa hawezi kukupa jibu la maana.

#45 NgalawaMuscat

Na walioko nje wapigie kwa WhatsApp, sisi huku tuko saa moja mbele yenu, usitupigie saa nne za usiku ukidhani tuko macho.

#46 MpimaDirisha

Nimeandika yote. Nimeongeza mistari kwenye kaunta buku: boma limefika wapi, fundi nani, kaishia hatua gani, saa tuliyomjibu. Kuanzia jumatatu matangazo mawili yataenda pamoja, moja na bei moja bila bei, hela ile ile siku zile zile, na binti atawahudumia wote. Lipa namba naifuatilia kesho. Binti nimemwambia leo kamisheni yake haiguswi, hakujua kama ilikuwa inaguswa, aliniangalia tu.

#47 BintiTakwimu

Tangazo liache liende muda wa kutosha. Ukipata watu 10 kila upande usije hapa kutuambia umeshapata jibu.

#48 Mgeni_Chanika

Wakuu mimi mgeni, nimefuata uzi toka mwanzo. MpimaDirisha dirisha la futi tano kwa tano na nyavu ni bei gani?

#49 MpimaDirisha

Karibu ndugu. Boma limefika wapi?

#50 Mgeni_Chanika

Lenta, lile zege la juu ya madirisha. Kupaua labda mwezi wa kumi nikipata.

#51 Nyumba10

Mtajie bei kwanza jamani!!